Mashairi Ndani ya Chupa: Kweli na Uongo Kuhusu Yannis Ritsos

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Nimeibeba methali hiyo hadi kwa Yannis Ritsos, mshairi wa Ugiriki ambaye husimuliwa zaidi kuliko anavyosomwa. Kama umewahi kukaa na wapenzi wa ushairi wa mapambano, hadithi zake zimeshakufikia: kwamba alikuwa mtoto wa kibarua, kwamba serikali ilichoma kitabu chake hadi nakala ya mwisho, kwamba alifukia mashairi ardhini kama mtu afukiaye mbegu, kwamba Tuzo ya Nobel alinyimwa kwa fitina. Kila msimulizi huongeza chumvi yake.

Nimezichambua moja moja. Baadhi zimeanguka. Nyingine, tena zile nilizozitilia shaka zaidi, zimesimama wima.

"Alizaliwa maskini, ndiyo maana akawa mkomunisti."

Si kweli. Ritsos alizaliwa Mei 1, 1909, katika familia ya wenye mashamba huko Monemvasia, kusini mashariki mwa Peloponnese. Mji huo umejibanza ubavuni mwa mwamba mkubwa uliochomoza baharini, na kutoka bara unafikiwa kwa njia moja tu. Jina lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya mahali penye mwingilio mmoja. Familia ilikuwa na mali, kisha mali ikayeyuka, na kamari ya baba ilichangia sana. Mwaka 1921 kifua kikuu kilimchukua kaka yake mkubwa, na kabla mwaka haujaisha kikamchukua mama. Baba naye baadaye aliugua akili, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Basi umaskini aliujua, lakini ni ule wa kuporomoka: nyumba kubwa iliyobaki na viti vilivyochakaa na vyumba visivyo na mtu. Nyumba hiyo hakuiacha maisha yake yote. Utaikuta katika tungo zake za ujanani na utaikuta tena za uzeeni, na vioo vyake, ngazi zake na makabati yake.

Siasa ilimfikia kwa mlango mwingine. Ilimkuta kitandani. Mwaka 1927, akiwa bado kijana, alilazwa Sotiria, hospitali ya kifua kikuu ya Athens, na ni humo wodini alikokutana na wagonjwa wenye fikra za Kimarx. Waliugua pamoja, wakabishana pamoja, na alipotoka hospitali alikuwa ameshachagua upande wake.

"Aliona picha gazetini, akatunga utungo mzima kwa siku mbili."

Kweli. Na hii ndiyo niliyodhani itaanguka kwanza, kwa sababu imekaa kama hadithi ya kutungwa.

Mei 1936 wafanyakazi wa tumbaku wa mji wa Thessaloniki waligoma kudai mishahara bora, na wafanyakazi wengine wakawaunga mkono. Tarehe 9 waandamanaji walifyatuliwa risasi, na watu wapatao 12 wakauawa. Mmoja wao alikuwa dereva kijana aitwaye Tasos Tousis. Wenzake waliulaza mwili wake juu ya mlango. Mama yake akafika. Kesho yake Rizospastis, gazeti la Chama cha Kikomunisti, likachapa picha: mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, yuko chini barabarani, ameinama juu ya mwanawe aliyekufa.

Ritsos alikuwa Athens. Aliitazama picha hiyo, akajifungia, akaandika. Mei 12 sehemu ya kwanza ilikuwa tayari gazetini, na mwezi uliofuata kikatoka kitabu kizima kwa jina *Epitaphios*. Jambo moja tu la kusahihisha: kitabu cha 1936 kilikuwa na sehemu 14, na sehemu 20 tunazozisoma leo zilikamilika katika toleo la 1956. Kwa hiyo siku mbili zilizaa utungo, na miaka 20 ikaukuza.

Kasi ile inaeleweka ukijua alichokuwa nacho mkononi, maana hakuanzia hewani. Wanawake wa vijijini Ugiriki wana mbolezi zao za kuwalilia wafu, wanazorithishana mama kwa binti. Mstari wa jadi wa Kigiriki una mizani 15: nane, kituo, kisha saba. Wewe uliyezoea mizani 16 ya shairi letu, nane kwa nane, utausikia mara moja: ukwapi umetimia, utao umepungukiwa mizani moja. Kila mstari unakaribia kufika, kisha pumzi inakatika. Kwa mtu anayelia, sijui kipimo kinachofaa zaidi ya hicho.

Hata jina ni la kale. Epitaphios ni kitambaa kilichotariziwa sura ya Kristo aliyekufa. Ijumaa Kuu Waorthodoksi hukipamba kwa maua, hukizungusha mitaani usiku na mishumaa mikononi, na huimba maombolezo ya Mariamu kwa mwanawe. Ritsos alilichukua jina la kitambaa hicho akampa mama wa dereva. Katika utungo, mama huyo anaanza kama mama yeyote: anamsemesha mtoto, anastaajabu kwamba haitikii, anakumbuka nywele zake, mikono yake, alivyokuwa akisimama dirishani. Polepole kilio kinageuka. Anapofika mwisho ameelewa kwa nini kijana wake alitoka nyumbani asubuhi ile, naye anainuka kwenda kujiunga na wenzake.

Wapo wanaosema siasa ndiyo iliyoufanya utungo huu uishi. Mimi naona bibi wale waliolia wafu wao vijijini, wengi wao bila kujua kusoma, wana haki kubwa katika kitabu hiki kuliko mwanasiasa yeyote. Chombo kilikuwa chao.

"Serikali ilichoma nakala zote."

Si kweli, na ukweli unapendeza zaidi. *Epitaphios* kilichapwa nakala 10,000, idadi kubwa mno kwa kitabu cha mashairi siku zile. Agosti 4, 1936, Ioannis Metaxas alijitwalia madaraka ya kidikteta, na vitabu visivyotakiwa vikakusanywa na kuchomwa Athens, karibu na nguzo za Hekalu la Zeus. Moto ulikuwa wa kweli. Ila kufikia hapo nakala za Ritsos zilizobaki za kuchomwa zilikuwa takriban 250. Nyingine zote zilikuwa zimeshanunuliwa na kuingia majumbani mwa watu.

"Alifukia mashairi yake ardhini ndani ya chupa."

Kweli tupu.

Baada ya Wajerumani waliokuwa wameikalia Ugiriki kuondoka, Wagiriki walipigana wenyewe kwa wenyewe, na watu wa mrengo wa kushoto wakakamatwa kwa maelfu. Ritsos alikamatwa mwaka 1948. Alipelekwa kambi ya Kontopouli katika kisiwa cha Lemnos, mwaka uliofuata akahamishiwa Makronisos, kisha Ai Stratis, akaachiwa mwaka 1952.

Makronisos ni kisiwa chembamba, kirefu, kikavu, kilichokabiliana na bandari ya Lavrio, si mbali na Athens. Upepo hauchoki. Wafungwa walilala mahemani, wakapigwa, na wakabebeshwa mawe kutoka hapa hadi pale kisha kuyarudisha yalikotoka. Ukitaka kutoka, kulikuwa na karatasi ya kusaini: hati ya kutubu, ya kukikana chama na wenzako. Jina la aliyesaini lilichapwa magazetini ili ndugu, majirani na kijiji kizima wajue. Ritsos hakusaini. Wengi walisaini baada ya mateso, na mimi siwanyoshei kidole, kwa sababu mwili una kikomo chake na wao ndio waliokuwepo.

Katika hali hiyo aliandika. Karatasi ilikuwa chache na upekuzi ulikuwa mwingi, basi mashairi yaliyokamilika yaliviringishwa, yakaingizwa chupani, yakazikwa. Tungo za Makronisos za mwaka 1949 ndizo zilizokuja kuwa diwani ya *Petrinos Chronos*, jina ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri Wakati wa Mawe. Anayeona hadithi ya chupa haiaminiki amkumbuke Abdilatif Abdalla, aliyetunga *Sauti ya Dhiki* kwenye karatasi za chooni akiwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972. Mtunzi aliyefungwa hutumia kilicho karibu.

Nje ya Ugiriki, watu kama Louis Aragon, Pablo Neruda na Pablo Picasso walipaza sauti kumtetea. Kelele zao zilisaidia. Lakini mashairi yaliokolewa na chupa.

"Alikuwa mpiga baragumu wa chama tu."

Si kweli, ingawa dai hili lina punje yake ya ukweli na sitaificha. Ritsos alikuwa mwanachama mwaminifu hadi kufa. Chama kilipogawanyika mwaka 1968 alibaki upande wa zamani, uliokuwa karibu na Moscow. Aliandika zaidi ya vitabu 100, na katika wingi huo zimo tungo za hafla, za kusifu viongozi na kusherehekea ushindi, ambazo leo zinasomeka kama bendera zilizosahauliwa ukutani. Ukimhukumu kwa hizo utamwona mdogo.

Sasa chukua *Sonata ya Mwangaza wa Mwezi*, ya mwaka 1956. Hamna mgomo humo, hamna chama. Ni usiku wa majira ya kuchipua, katika nyumba kuukuu. Mwanamke mwenye umri mkubwa aliyevaa nguo nyeusi anazungumza na kijana mwanamume. Taa hazijawashwa; mbalamwezi inapita madirishani. Anamwomba kijana amruhusu waandamane nje, hata hatua chache tu, na ombi hilo analirudia na kulirudia. Katikati ya maombi anasimulia nyumba: kiti cha kukalia kilichochakaa, ukuta unaomomonyoka, vitu vinavyoanguka usiku bila kuguswa. Kijana hasemi neno. Mwishowe anatoka peke yake, na mwanamke anabaki ndani. Nje, redio ya baa iliyo karibu inapiga muziki wa Beethoven.

Nyumba ile ni ya Monemvasia, bila shaka, na ni tabaka zima linalozama, na bado ni mwanamke mmoja anayeogopa kubaki peke yake usiku. Kama unataka siasa, imo. Ila haikupigiwa tarumbeta. Kwa utungo huo Ritsos alipewa Tuzo ya Taifa ya Ushairi, tena na dola ileile iliyokuwa imemwachia kutoka kambini miaka minne tu nyuma.

Aliifuata njia hiyo kwa miaka mingi, akiwapa sauti watu wa visa vya kale: Orestes, Philoctetes, Ismene. Ninayempenda zaidi ni Helen wake. Unamjua Helen, yule aliyesemwa mzuri kuliko wanawake wote, ambaye Troy iliteketea kwa ajili yake. Kwa Ritsos ni kikongwe mwenye vinundu usoni, amelala kitandani, na vijakazi wake wanamwibia mapambo huku akiwaona. Utungo huo aliuandika mwaka 1970 katika kisiwa cha Samos, alikokuwa amewekwa kizuizini na makanali wa jeshi waliotawala Ugiriki wakati huo. Mwandishi wa kaulimbiu asingempa muda kikongwe huyo.

"Muziki wa bouzouki uliyashusha mashairi yake."

Si kweli. Lakini waliosema hivyo walisema kwa uchungu, na inafaa kuwaelewa. Bouzouki, gambusi ya Kigiriki yenye shingo ndefu, ilihusishwa na vilabu vya bandarini, wavuta bangi na watu waliotoka jela. Mtunzi wa muziki Mikis Theodorakis, aliyekuwa akisoma Paris, aliutia *Epitaphios* muziki mwaka 1958. Mwaka 1960 zikatoka rekodi mbili zinazokinzana: moja ilipangwa na Manos Hadjidakis na kuimbwa na Nana Mouskouri kwa sauti laini, nyingine ya Theodorakis mwenyewe, ikiimbwa na Grigoris Bithikotsis, mwimbaji wa watu wa kawaida, huku Manolis Chiotis akipiga bouzouki. Nchi ilibishana. Kilio cha mama mfiwa kiende kwenye meza za pombe?

Kilienda, na huko ndiko kilikotoka. Mbolezi ni wimbo tangu asili yake. Aliyeufanya kitabu ni mshairi, na mwanamuziki aliurudisha mdomoni mwa watu. Wavuvi na makuli wasiowahi kununua diwani waliimba Ritsos. Makanali walipopindua serikali Aprili 21, 1967, hawakukawia kulielewa hilo: kwa amri ya jeshi ya Juni mwaka huohuo muziki wa Theodorakis ulipigwa marufuku, kuupiga na hata kuusikiliza.

"Nyimbo 18 alizitunga kwa siku moja."

Nusu kweli. Siku yenyewe ya mapinduzi Ritsos alikamatwa. Alipelekwa kisiwa cha Gyaros, kisha kambi ya Partheni katika kisiwa cha Leros. Huko ujumbe wa siri kutoka kwa Theodorakis ulimfikia: naomba maneno mapya ya kutia muziki. Septemba 16, 1968, Ritsos aliandika tungo fupi 16, zote kwa mizani ileile ya 15. Siku moja, kambini, akiwa mgonjwa. Mbili zilizobaki aliziongeza Mei 1970 akiwa Samos, na nyingine alizirekebisha baadaye. Kwa hiyo ukisikia 18, toa mbili. Zinazobaki zinatosha kumshangaza yeyote aliyewahi kujaribu kutunga ubeti mmoja ukakaa.

"Nobel alinyimwa kwa sababu ya siasa zake."

Haijathibitika, na hoja yenyewe haisimami peke yake. Ni kweli alipendekezwa mara kadhaa. Ni kweli pia Ugiriki ilipata Nobel mbili za fasihi alipokuwa hai, ya Giorgos Seferis mwaka 1963 na ya Odysseas Elytis mwaka 1979, naye akapitwa mara zote mbili. Lakini Mikhail Sholokhov, mkomunisti wa Urusi, aliipata mwaka 1965, na Pablo Neruda, mkomunisti wa Chile, akaipata mwaka 1971. Kama kadi ya chama ingekuwa kizuizi cha kutosha, hao wawili wasingepita. Ritsos alipewa Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1977 na aliipokea kwa furaha.

Hadithi hii huja na mwenzake: kwamba Ritsos ndiye aliyepigana, na Seferis alikuwa bwana mkubwa wa kibalozi asiyejali. Hilo nalo si kweli. Seferis alikuwa balozi, naam, na mtu wa maneno machache. Machi 1969 alivunja ukimya, akatoa tamko dhidi ya makanali lililosikika katika BBC. Alipofariki Septemba 1971, umati ulioandamana na jeneza lake mitaani Athens uliimba shairi lake ambalo Theodorakis alikuwa amelitia muziki, wakati muziki wa Theodorakis ulikuwa bado marufuku. Ukimpenda Ritsos, huna haja ya kumvunjia heshima Seferis.

"Zaidi ya mashairi hakujua kazi nyingine."

Si kweli hata kidogo. Ujanani alipata riziki kama mwigizaji na mcheza dansi jukwaani, na kama msahihishaji wa prufu katika nyumba ya uchapishaji. Hati yake ya mkono ilikuwa ya kupendeza, yenye herufi za madoido ambazo mtu angezidhania za mwandishi wa misahafu wa zamani. Alitafsiri washairi wa mataifa mengine, wakiwemo Vladimir Mayakovsky wa Urusi na Nazim Hikmet wa Uturuki. Huyu wa pili anastahili kutajwa polepole, maana chuki kati ya Wagiriki na Waturuki ni ya kale, na Hikmet mwenyewe alikaa gerezani miaka mingi.

Na alichora. Ritsos alifariki Athens Novemba 11, 1990, akazikwa kwao Monemvasia, na miongoni mwa vitu alivyoviacha ni mawe. Mawe ya kawaida ya ufukweni, mengine ya kutosha kiganjani, pamoja na mizizi na mifupa iliyosafishwa na bahari. Katika visiwa ambako wafungwa walibebeshwa mawe ili wachoke, yeye aliyaokota mengine, akayageuza upande huu na upande ule mpaka aone jiwe linataka kuwa nani. Palipovimba akachora shavu. Palipopinda akaweka shingo. Kisha kwa wino mweusi akamalizia macho, pua na nywele, kijana mmoja baada ya mwingine.